Mandawa kwa Hodi: Mwongozo Kamili wa Kuutembelea Mji Mdogo wa Kaskazini mwa India

Mara ya kwanza kufika Mandawa nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili mjini Jaipur. Nilikuwa na siku tatu za mapumziko na rupia zisizotosha kwenda mbali. Nimerudi mara tatu tangu wakati ule, mara ya mwisho nikiwa na mama yangu mzazi. Naandika mwongozo huu kwa sababu wengi wetu tunaokwenda India kusoma, kutibiwa au kufuata mzigo wa biashara tunaishia Delhi na Mumbai, tunapiga picha moja Agra, halafu tunarudi nyumbani tukidhani tumeiona nchi. Mji mdogo kama huu unaonyesha upande mwingine kabisa, na haugharimu pesa nyingi. Unadai muda na adabu.

Mandawa iko katika wilaya ya Jhunjhunu, jimbo la Rajasthan, kwenye ukanda unaoitwa Shekhawati, jina lililotokana na Rao Shekha, mtawala wa karne ya 15. Kutoka Delhi ni kilomita kama 250, na kutoka Jaipur kama 170. Wakazi wake ni zaidi ya elfu ishirini kidogo. Ngome iliyo katikati ya mji ilianzishwa mwaka 1755 na Thakur Nawal Singh, na siku hizi ni hoteli. Lakini kinachowaleta watu ni nyumba zinazoitwa haveli: majumba ya ua mbili au zaidi, yaliyochorwa kuta zote ndani na nje, kuanzia kizingitini hadi chini ya dari.

Waliozijenga ni matajiri wa Kimarwari, jamii ya wafanyabiashara wa Rajasthan. Zamani misafara ya ngamia ilipita hapa, na wao walikuwa madalali na wakopeshaji wake. Biashara ilipohamia bandarini katika karne ya 19, wanaume nao waliifuata Calcutta na Bombay, wakaacha familia nyuma na kutuma pesa za kujenga. Kila tajiri alitaka ukuta wake uzidi wa jirani. Baadaye familia nazo zikahama. Nyumba nyingi leo zina mlinzi tu, anaitwa chowkidar, anayeishi humo na mkewe na watoto, pengine na mbuzi wawili uani. Kwa hiyo unapotembelea haveli unaingia nyumbani kwa mtu, na mwongozo wote huu unasimama juu ya jambo hilo.

Kuna jambo moja la kutufurahisha sisi. Jamnalal Bajaj, mwanzilishi wa kundi la kampuni za Bajaj lililotupa neno bajaji, alizaliwa mwaka 1889 katika kijiji kilicho karibu na Sikar, ndani ya Shekhawati hii hii. Ila ukifika huko usiulize bajaji, hutaeleweka. Wao wanasema "auto".

Hatua ya kwanza: chagua mwezi

Nenda kati ya Novemba na Februari, au Oktoba na Machi ukikosa nafasi. Huu ni ukingo wa jangwa. Mwezi Juni mwaka 2019 mji wa Churu, ulio jirani, ulipita nyuzi 50, na mtu wa Dar aliyezoea joto bado ataugua. Kosa letu la kawaida ni kuisahau baridi. Usiku wa Januari hali ya hewa inakaribia sifuri, nyumba hazina vipasha joto, na sakafu ni ya mawe. Mama yangu alilala na soksi, sweta na mablanketi mawili, na asubuhi akaniuliza kwa nini sikumwambia. Nilikuwa nimemwambia, lakini kwa maneno mepesi mno. Basi kwako nasema wazi: beba sweta nzito na soksi za sufu.

Hatua ya pili: karatasi

Viza ya utalii huombwa mtandaoni. Tovuti ya serikali ya India ni indianvisaonline.gov.in, na hakikisha unaona hiyo "gov.in" mwishoni, kwa kuwa zipo tovuti nyingi za mawakala zilizofanana nayo zinazotoza mara mbili au tatu. Utahitaji pasipoti yenye uhai wa miezi sita au zaidi, picha ya mandhari nyeupe, na nakala ya ukurasa wa pasipoti. Omba wiki mbili kabla, usingoje siku nne za mwisho. Kibali kikija, kichape kwenye karatasi. Simu huzima chaji wakati mbaya, na viwanja vya ndege vya India vinataka uonyeshe tiketi na pasipoti mlangoni hata kabla ya kuingia jengoni.

Kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano iwe ndani ya pasipoti. Kenya, Uganda, Congo, Rwanda na Burundi zinadaiwa kadi hiyo, na chanjo iwe imechomwa siku 10 au zaidi kabla ya kufika. Asiye nayo anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita. Mtanzania mwenzangu, na wewe beba tu. Ndege nyingi hupitia nchi nyingine, na ubishi wa kaunta ya afya usiku wa manane haumfaidii mtu.

Hatua ya tatu: mzigo

Begi moja la mgongoni linatosha. Ndani yake weka doti moja ya khanga. Nilizitumia kama mtandio wa kujifunika kichwa hekaluni, shuka juu ya godoro nisilolipenda, pazia la dirisha lisilo na kitambaa, na kivuli mchana. Wanawake wa pale walizipapasa na kuzisifia, na upande mmoja niliuacha kama zawadi.

Beba adapta ya plagi za pini za mviringo, maana plagi zetu za pini tatu za mraba haziingii. Beba pia tochi, kwa sababu vyumba vizuri zaidi ni giza, na dawa ya chumvichumvi ya kunywa ukiharisha. Wadada, chukueni nguo ndefu zilizolegea, suruali pana au dera. Wanaume, kaptura waachieni watoto.

Pesa: rupia hazinunuliki kirahisi kwetu, badilisha Delhi au Jaipur. Mandawa kuna mashine za ATM, lakini usitegemee moja peke yake. Wenyeji wanalipia hata chai kwa simu, mfumo ambao mgeni wa siku chache ni vigumu kuutumia, kwa hiyo omba noti za 10, 20, 50 na 100 kila unapopata chenji. Kagua noti iliyochanika kabla ya kuipokea, kwa sababu ukishaipokea hakuna atakayeitaka.

Hatua ya nne: kufika

Kutoka Dar es Salaam na Nairobi zipo ndege za moja kwa moja hadi Mumbai. Wengine hupitia Addis Ababa au Ghuba na kushukia Delhi. Kutoka Delhi njia ninayoipendekeza ni treni hadi Jaipur, saa nne na nusu au tano, kisha kulala Jaipur, na asubuhi kuchukua basi. Zipo treni chache za kutoka Delhi Sarai Rohilla zinazopita Jhunjhunu. Ratiba yake ikikubaliana na siku yako, utaokoa nusu siku.

Ukikata tiketi ya treni kwenye kituo cha New Delhi, ofisi ya wageni iko ndani ya jengo la kituo, ghorofa ya kwanza. Nje utakutana na vijana waliovaa vizuri watakaokuambia imefungwa, imeungua, imehamia ng'ambo ya barabara. Shukuru, pita, panda ngazi.

Jaipur, stendi inaitwa Sindhi Camp. Mabasi ya serikali ya jimbo watu wanayaita Roadways. Uliza "Mandawa?" dirishani. Basi la moja kwa moja likiwa limeondoka, chukua la Jhunjhunu linalopitia Sikar, halafu pale Jhunjhunu panda basi dogo au jipu la abiria kwa saa moja hivi. Safari nzima ni saa nne hadi tano. Kaa upande usiopigwa jua, na kabla ya kuketi mwambie kondakta jina la mji, naye atakuita ukifika, na abiria wenzako watamkumbusha akisahau.

Angalizo la saa: India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu, na wao wanahesabu saa kwa namna ya Kizungu. Ukisikia "saat baje" ni saa saba yao, yaani saa moja yetu ya asubuhi. Rafiki yangu alifika stendi mchana kwa kosa hilo.

Hatua ya tano: mahali pa kulala

Kuna hoteli ndani ya ngome, kuna haveli zilizogeuzwa hoteli, na kuna gesti za kawaida zenye paa tambarare. Kama mfuko unaruhusu, lala usiku mmoja ndani ya haveli, ili uone alfajiri michoro ikitoka gizani polepole. Kisha hamia gesti.

Kabla ya kuweka nafasi uliza kama wanapokea wageni wa nje ya India. Sheria inamtaka mwenye nyumba amsajili mgeni kwenye mfumo wa serikali ndani ya saa 24, na nyumba ndogo ambazo hazina utaratibu huo hukataa. Mimi niliwahi kukataliwa usiku mbele ya meza ya mapokezi nikiwa na begi mgongoni, na nikaumia kwa kudhani ni rangi yangu. Safari ile ilikuwa karatasi tu. Atakayekupokea atapiga nakala ya pasipoti na viza, hiyo ni kawaida.

Lala mausiku mawili, ndiyo shauri langu kuu baada ya la hodi. Magari ya watalii kutoka Delhi hufika saa tano, hula, hupiga picha na kuondoka saa kumi. Mji unarudi kwa wenyewe jioni, na tausi huanza kulia juu ya mapaa.

Hatua ya sita: beba maneno yako

Mswahili ana akiba ya maneno ambayo wengine hawana. Kihindi na Kiswahili vilichota kisima kimoja cha Kiarabu na Kiajemi, tena vikaazimana vyenyewe kwa vyenyewe. Sema kitabu, kalamu, dawa, sabuni, duka, rangi, hewa, barafu, meza, habari, wakati, hesabu, utaeleweka au utakaribia kueleweka, hasa ukikata irabu ya mwisho: kitab, kalam, rang, barf, mez. Laki ni lakh. Bima ni bima. Basi ni bas, na hili ndilo utakalolitumia kuliko yote, pale unapoongezewa chakula na tumbo limejaa: weka mkono juu ya sahani, sema "bas, bas". Hundi nayo ni yao. Marwari waliiandika kutuma fedha mamia ya maili bila kubeba sarafu, na sisi tukaifanya cheki ya benki.

Yapo ya kukuchanganya. Mama kwa Kihindi ni mjomba. Dada ni babu mzaa baba. Nilipomtambulisha mama yangu kwa jina hilo hilo la mama, uani kote kulikuwa na kicheko cha furaha, na tangu hapo kila mtoto wa mtaa ule alimwita Mama-ji.

Salamu ya mjini ni "Ram Ram", kwa Waislamu "Salaam alaikum", na "namaste" inafaa kwa wote. Ongeza "ji" kwa kila unayemheshimu. Mzee wa kiume muite chacha-ji, baba mdogo. Bibi muite dadi-ji. Kijana muite bhaiya. Wao watakuita didi au bhaiya, na ukiwa mtu mzima, aunty au uncle.

Hatua ya saba: piga hodi

Hapa ndipo watalii wengi wanapoharibu. Wanaona mlango mkubwa uko wazi, wanaingia na kamera mbele. Ndani yuko mama wa watu anaosha nywele, au mzee amelala kwenye kitanda cha kamba.

Fanya hivi. Simama nje ya kizingiti. Gonga kile kipete cha chuma cha mlangoni mara mbili, usigonge mara ya tatu upesi. Ita: "Koi hai?", maana yake yupo mtu? Subiri, hata dakika mbili. Akitokea mtu, salimu kwanza, sema unatoka wapi, kisha uliza "Dekh sakte hain?", tunaweza kutazama? Akikataa, shukuru na uondoke bila kuuliza sababu. Akikubali, vua viatu ukiona vyake viko mlangoni, na mfuate yeye.

Ua wa kwanza ni wa wanaume na wageni. Pembeni yake kuna baithak, chumba cha kukaa tajiri na wateja wake kwenye magodoro meupe. Mtu wa Pwani atakielewa mara moja: ni baraza, ila iko ndani. Ua wa pili ni wa wanawake. Huko usiingie mpaka uitwe, na mwanaume asiombe. Mimi na mama tuliitwa.

Mwanamke mmoja alikuwa ameinama kwenye jiko la udongo, akiupigapiga mkate kati ya viganja bila kibao wala mti wa kusukumia, na unga ulikuwa wa kijivu. Mama, aliyezaliwa Dodoma, alichukua chembe iliyodondoka kando ya beseni, akaisaga kwa vidole, akainusa. "Si uwele huu?" akaniuliza. Ndio. Bajra ni uwele wetu. Yule mwanamke akaelewa bila tafsiri, akamkatia donge la unga akamwekea mkononi. Mkate wa kwanza wa mama ulipasuka katikati. Wa pili ukashika. Tulikula na siagi ya moto iliyoyeyushwa na sukari guru, na walinzi wawili walikuja kutazama.

Malipo: mwisho wa ziara mpe mlinzi rupia 50 au 100 kwa mkono wa kulia, kwa kila kundi dogo. Ndio mshahara wake wa kweli katika nyumba nyingi. Usimpe mtoto pesa, wala peremende. Wakiwa wametaja kiingilio mlangoni, lipa bila kupatana; tumia ufundi wako wa kupatana sokoni.

Hatua ya nane: kuta za kutafuta

Anza saa moja asubuhi kwenye haveli ya Bansidhar Newatia, iliyojengwa miaka ya 1920, iliyo na tawi la benki. Michoro yake iko ukuta wa mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi linaupiga sawasawa. Tafuta kijana anayezungumza kwa simu, motokaa, na ndege ya kale. Chorachora ile ilifanywa na mafundi ambao kwao mengi ya hayo yalikuwa habari za kusimuliwa na wenye nyumba waliotoka Calcutta, na unaiona hiyo hamu ya kitu kipya kwenye kila mstari.

Kisha haveli za Goenka. Ile ya milango miwili ina uso mzima wa tembo na farasi. Ile ya Hanuman Prasad Goenka ina mchoro mmoja wa kichwa kilichounganika: ukiutazama upande huu unaona mungu Indra juu ya tembo, upande ule mungu Shiva juu ya fahali. Ziba nusu kwa kiganja, kisha nusu ya pili. Gulab Rai Ladia ni ya kale zaidi, ya miaka ya 1870 hivi. Murmuria ya miaka ya 1930 ina Nehru, waziri mkuu wa kwanza wa India, juu ya farasi akishika bendera, na mashua za Venice juu ya matao, na kutoka uwanja wake wa mchanga unaona treni ndefu kwenye ukuta wa jirani. Jhunjhunwala ina chumba kimoja kilichopakwa dhahabu. Ingia, acha macho yazoee giza, ndipo mulika tochi kwenye dari, usimulike kwa ukaribu. Mara ya kwanza nilikaa chini sakafuni nikashindwa kusema neno.

Jifunze kukisia umri wa ukuta. Rangi za zamani zilitoka kwenye udongo mwekundu, nili, masizi ya taa na chokaa: zimetulia, nyekundu ya hudhurungi ndiyo inayotawala. Buluu na nyekundu za kupiga kelele zilikuja mwishoni mwa karne ya 19, pale rangi za viwanda vya Ujerumani zilipoanza kuingia. Ukisogea karibu na maua ya duara utaona mikwaruzo ya bikari chini ya rangi, na katikati kitundu kidogo iliposimama sindano. Fundi alichora lipu ya chokaa ikiwa bado mbichi, rangi ikanyweka humo, kisha ikasuguliwa kwa jiwe la akiki hadi ikang'aa. Mimi nimekulia Tanga kwenye nyumba za chokaa, na sijawahi kuona chokaa inayong'aa kama sahani ya kaure namna ile. Usiiguse. Usiiegemee, mafuta ya nywele huacha doa lisilotoka. Nyumba nyingi zinavunjwa kwa ajili ya maduka, nyingine zimepakwa chokaa nyeupe juu ya michoro, na chumvi ya ardhini inakula sehemu ya chini ya karibu kila ukuta. Kilichobaki kinahitaji mikono yetu ikae mifukoni.

Jioni nenda kisima cha Harlalka. Kina minara minne mirefu, iliyomwonyesha msafiri maji akiwa bado mbali mchangani, na mteremko walikoshuka wanyama wakivuta kamba ya ndoo.

Kuajiri kiongozi ni vizuri kwa nusu siku ya kwanza. Patana bei kabla ya kuanza, na mwambie wazi kwamba hutaki maduka. Siku ya pili tembea peke yako, upotee. Mji ni mdogo, ngome itakurudisha.

Hatua ya tisa: kula na kunywa

Chakula kingi ni cha mboga. Kula uwele kwa gatte, vipande vya unga wa dengu kwenye mchuzi wa mtindi, na ker sangri, matunda na maganda makavu ya miti ya jangwani, yaliyopikwa na pilipili na ukwaju au maembe makavu. Dal baati churma ni madonge ya ngano yaliyookwa, yanavunjwa na kumwagiwa samli. Kula mchana, siyo usiku. Ng'ombe hachinjwi Rajasthan, ni sheria, kwa hiyo hata kuuliza usiulize. Mandawa ina Waislamu wengi na adhana utaisikia, hivyo nyama ya halali ya mbuzi na kuku inapatikana. Waulize watu wa msikitini watakuelekeza.

Kula kwa mkono wa kulia, hapo sisi hatuna la kujifunza. La kujifunza ni hili: kilichoguswa na mdomo wako hakigawiwi. Usimuonjeshe mtu kijiko chako, na chupa ya maji ya pamoja inanywewa kwa kumimina kutoka juu bila kugusa midomo. Fanya mazoezi na maji chumbani kwanza. Mwenyewe kunywa maji ya chupa iliyofungwa, na chunguza kifuniko.

Hatua ya kumi: macho ya watu

Ndugu yangu mweusi, utatazamwa. Utatazamwa sana, kwa muda mrefu, na watu wasiokwepesha macho. Jaipur nimewahi kunyimwa chumba cha kupanga kwa sababu ya nilivyo, nikaambiwa usoni, kwa hiyo sitakudanganya kwamba ubaguzi haupo India. Mandawa nilichokutana nacho zaidi ni udadisi. Tabasamu, sema "Ram Ram", na nusu ya mitazamo hiyo inageuka salamu. Watakuomba picha ya pamoja. Una haki ya kukubali moja na kukataa kumi: "bas, bhaiya" inatosha. Ukiwa Mkenya, taja kriketi. Wanaume wa makamo wanakumbuka kwamba Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003 ikatolewa na India, na utanyweshwa chai.

Dada unayesafiri peke yako: uwe chumbani kabla ya giza kukolea, kaa karibu na familia kwenye basi, na ukibughudhiwa paza sauti, kwa sababu watu wa pale wanaingilia kati. Namba ya dharura ni 112. Ya wasafiri ni 1363, hupokelewa usiku na mchana.

Hatua ya kumi na moja: unachonunua

Nunua vitambaa vya bandhani, vilivyofungwa mafundo kabla ya kutiwa rangi, na bangili za lac, utomvu mgumu wa wadudu wa mitini. Usinunue mlango wa kale, fremu ya dirisha wala kipande cha ukuta, hata ukiapiwa kwamba kimeokotwa. Vimeng'olewa kwenye nyumba hizi hizi. Sheria ya mwaka 1972 inakataza kutoa nchini vitu vya kale vilivyozidi miaka 100, na forodhani watakinyang'anya. Sisi wa Pwani tumeona milango yetu ya nakshi ikiondoka kwa namna hiyo hiyo.

Siku ya tatu

Ukiwa nayo, panda basi la asubuhi hadi Nawalgarh, kilomita kama 30. Haveli ya Podar ya mwaka 1902 ni makumbusho yenye maelezo mazuri, na michoro yake imekarabatiwa. Au nenda Fatehpur, kilomita kama 20, iliko haveli iliyonunuliwa mwaka 1998 na msanii Mfaransa Nadine Le Prince na kufufuliwa. Usiziunganishe zote siku moja.

Kwa kuondoka, uliza saa ya basi jana yake jioni, tena uliza watu wawili tofauti. Lipa gesti usiku huo huo. Na kama kuna mlinzi aliyekufungulia mlango na ukampiga picha, ichape kwenye studio ya picha ya Jhunjhunu au Jaipur na umpelekee, au umtumie kupitia gesti. Mzee mmoja wa kilemba cha manjano nilimpelekea yake baada ya mwaka mzima. Alifungua kufuli, akanipokea picha, akaitazama, akaenda kuibandika ndani ya baithak, chini ya picha ya yule tajiri mwenye nyumba.